Mabomba Makuukuu na Viraka Visivyokwisha

Ndugu wanachama, si desturi yetu kulalamika kwa kelele, wala hatuandiki haya kwa kuwavunjia heshima wakubwa wetu. Lakini kimya chetu juu ya mabomba ya nyumba tukaamo kimedhaniwa kuwa ni ridhaa, nacho si ridhaa. Basi twasema.

Nyumba za Serikali wakaamo wengi wetu zilijengwa kabla ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, na mabomba yake ni ya chuma kilichopakwa zinki. Zinki ile ndiyo ngao ya chuma, nayo huliwa na maji kidogo kidogo hata ikaisha. Bomba la namna hii likiisha kutumika miaka 40 au 50 huhesabiwa kuwa limetimiza kazi yake. Kutu huota ndani kama magamba, na tundu la nusu inchi huwa jembamba hata penseli haipiti. Ndiyo maana mfereji wa jikoni ukifunguliwa, ule wa bafuni huguna tu usitoe maji; maji ya kwanza ya asubuhi huwa na rangi ya chai, na shati jeupe la kazini hupata madoa yasiyotoka kwa sabuni.

Mtu akipeleka habari ofisini hujibiwa kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha hutumwa fundi mwenye kipande cha mpira wa baiskeli na waya. Methali twaikubali, lakini twakataa jinsi itumiwavyo. Ufa wa ukuta huonekana kwa nje, na ukuta uliobaki ni mzima. Bomba huoza kwa ndani, na tundu lionekanalo leo ni mjumbe wa mengine yajayo. Kila fundi aijua habari hii: akaza spana katika kiungio kimoja, cha pili chapasuka, kwa kuwa pale palipokatwa meno ndipo chuma kilipo chembamba. Na akiunga shaba na chuma kikuukuu pasipo kitu cha kuvitenga, chuma huliwa upesi zaidi. Hivyo kiraka si dawa. Mara nyingine ni ugonjwa mpya.

Wako wasemao, hata miongoni mwetu, kwamba tundu dogo ni hasara ndogo. Sisi ni makarani, na tufanye hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Tukihesabu matone 20 kwa mililita moja, hayo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa mwaka ni karibu madumu 79 ya lita 20. Mita haijui kusamehe, na mlipaji ni yule yule ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi.

Hata hivyo, hasara ya fedha ndiyo ndogo. Tundu litoalo maji ndilo liingizalo uchafu. Siku za mgao, maji yakatikapo, bomba hubaki tupu, likanyonya yaliyo nje yake: maji ya matope, na pengine ya shimo la choo lililo karibu. Maji yarudipo huyasukuma yote mpaka katika kikombe cha mtoto. Twamtibu mtoto homa ya matumbo, kisha twamrudisha kunywa katika bomba lile lile! Je, huku ndiko kubana matumizi?

Wengine hushikilia kwamba chuma cha zamani kina nguvu kuliko plastiki ya sasa. Kilikuwa na nguvu kilipokuwa kipya. Bomba la plastiki liungwalo kwa joto la nyuzi 260 hivi huwa kitu kimoja na kiungio chake, wala halishiki kutu. Kweli, lina masharti yake: lisiachwe juani, wala lisiguswe na fundi asiyejifunza, maana akiliyeyusha kupita kiasi huziba tundu. Lakini hilo ni neno la kuchagua fundi, si neno la kushikamana na kutu.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, mabomba yabadilishwe nyumba nzima, toka mita hata mfereji wa mwisho, mstari mmoja wa nyumba baada ya mwingine, ili fedha zisitakiwe zote kwa mara moja. Pili, kabla ukuta haujafunikwa, mabomba mapya yajazwe maji kwa nguvu na kuangaliwa, mkaaji akiwapo. Tatu, kila nyumba iwe na koki yake ya kufungia, ili nyumba moja ikitengenezwa mtaa mzima usikose maji.

Nasi tusijitoe katika lawama. Ni mara ngapi tumempa fundi kitu mkononi afunge mpira wake upesi, tukanyamaza mpaka uchakae? Neno la mdomo hupotea njiani. Lililoandikwa hukaa katika faili. Basi kila mwenye nyumba na aandike tarehe, mahali palipovuja, na idadi ya viraka vilivyokwisha kutiwa, ampe katibu wa chama. Kisha iende barua moja, yenye adabu na hesabu kamili. Asiyeandika asilaumu atakapokinga ndoo chini ya kiraka cha mwaka huu.