Mti Uliopewa Jina la Kifutio

Hebu fungua mkoba wa mwanao wa shule. Bila shaka utakuta raba, tena imetafunwa pembeni. Je, wajua kuwa kitu hicho kidogo ndicho kilichoupa jina mti mrefu wa msitu wa Amazon?

Zamani Wazungu walifuta penseli kwa makombo ya mkate. Mwaka wa 1770 mwanasayansi Mwingereza, Joseph Priestley, akaandika juu ya kitu kipya kilichofuta vizuri zaidi. Kwa kuwa kusugua kwa Kiingereza ni ‘rub’, kikaitwa ‘rubber’, na mti wenyewe ukabandikwa jina hilo hilo. Sisi twauita mpira, kama ule wa uwanjani.

Wafaransa hawakufuata mambo ya penseli. Walishika jina la wenyeji wa Amerika Kusini, ‘caoutchouc’, ambalo huelezwa kuwa na maana ya mti unaolia. Na kweli hulia! Mgemaji huchanja gome kwa mshazari alfajiri, na utomvu mweupe kama maziwa hudondoka tone kwa tone hadi kikombeni.

Mimi nalipenda jina hili kuliko la Waingereza, wala si kwa sababu ya utomvu pekee. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la kujazwa upepo mwaka wa 1888, ulimwengu mzima ulianza kuutaka mpira. Kongo wakati huo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wanavijiji walilazimishwa kugema mpira wa mimea itambaayo juu ya miti ya msituni. Wake zao walifungwa hadi kiasi kilichotakiwa kitimie, na askari walikata watu mikono. Leopold alinyang’anywa nchi hiyo mwaka wa 1908, baada ya malalamiko mengi ya ulimwengu.

Siku hizi mpira mwingi hutoka Thailand na Indonesia, kwenye mashamba ya mti ule wa Amazon.

Na ule mmea wa majani mapana yanayong’aa ulio kwenye chungu sebuleni kwako? Huo pia huitwa mpira, lakini ni jamaa ya mkuyu, asili yake Asia. Utomvu wake huwasha, kwa hiyo usimwache mtoto autafune kama raba yake.