Afungaye Mzigo na Aubebe Mwenyewe

Kila mwaka, shule zinapofungwa na Desemba inapobisha hodi, stendi ya magari ya Tala hugeuka ghala. Kando ya kila matatu inayojiandaa kushika barabara ya Kangundo kuelekea Nairobi huwa pamesimama familia iliyozingirwa na masanduku, mabegi, magunia na ndoo zilizofunikwa kwa vitambaa. Ukiwauliza waendako, baadhi yao watakujibu kwamba wanakwenda Mombasa kupumzika kwa siku 5. Ukiitazama mizigo yao, utadhani wanahama.

Katika makala haya nakusudia kulitetea jambo moja tu: kwamba msafiri asifunge mzigo ambao yeye mwenyewe hawezi kuuinua kwa mikono yake kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Najua wapo watakaoliona hili kuwa jambo dogo lisilostahili nafasi gazetini. Nawaomba wanisikilize kwanza. Mzigo wa ziada haukosi mbebaji, na mara nyingi mbebaji huyo siye aliyeufunga.

Siku hizi mashauri kuhusu namna ya kufunga mizigo yametapakaa kwenye simu zetu. Mengi yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi tajiri wanaokwenda likizo kwa meli za utalii, yale majumba yaelayo ambayo hutia nanga Mombasa mara moja moja. Abiria wa meli hizo hushauriwa achukue begi la akiba, kulabu za kutundikia nguo chumbani, viatu vya mchana na vya usiku, na vazi rasmi la karamu. Kwake yeye hayo si makosa. Sanduku lake hupokewa na mahamali bandarini, hufikishwa hadi mlangoni pa chumba chake, naye hulifungua mara moja tu. Tangu hapo chumba chenyewe ndicho kinachosafiri. Leo ataamka Zanzibar, kesho Mombasa, pasipo kukunja hata shati moja.

Mkazi wa Tala hana chumba kinachosafiri. Mzigo wake hutoka nyumbani kwa bodaboda hadi stendi. Hapo huingia katika matatu na kwenda takriban kilomita 60 hadi Nairobi, ukipitia Malaa, Joska, Kamulu na Ruai. Nairobi huteremshwa na kutafutiwa gari jingine la kuufikisha Syokimau, penye kituo kikuu cha reli ya kisasa iliyoanza kuchukua abiria mwaka wa 2017. Treni ikifika mwisho wa safari yake huko Miritini, bado msafiri hajaingia mjini. Sharti atafute chombo kingine. Na kama mwenyeji wake anakaa Kusini mwa Pwani, huenda kivuko cha Likoni kikamngojea. Hesabu mwenyewe, msomaji: mzigo umeinuliwa na kutuliwa si chini ya mara 6, na hiyo ni safari ya kwenda pekee.

Kituoni Syokimau pana desturi moja ambayo ni funzo tosha. Abiria huamriwa kupanga mizigo yao chini kwa mstari, kisha husimama kando ili mbwa wa ulinzi ainuse. Hapo ndipo kila mmoja anapoyaona mabegi yake yamelala mbele ya kadamnasi, sambamba na ya wenzake. Mbwa hana haja na uzito, lakini mwenye mzigo analazimika kuutazama. Yamkini hapo ndipo wengi wanapojiuliza kwa mara ya kwanza, wakiwa wamekwisha kuchelewa, kwa nini walichukua pasi ya umeme kwenda kuogelea.

Mtu wa Ukambani hana udhuru wa kutojua sanaa hii. Katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya barabara, misafara ya Wakamba ndiyo iliyounganisha bara na Mombasa kwa biashara ya pembe za ndovu. Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara aliyempokea mmisionari Krapf mwaka wa 1849, alijulikana kote kwa misafara hiyo. Kwa kawaida mpagazi wa zama hizo alibeba takriban kilo 30, na kila kitu kilipimwa kwa shingo na mabega ya mtu. Nyumbani nako, mama zetu waliujaza kiondo na kukivuta kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Aliyejaza ndiye aliyebeba, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa wakati wa kuacha kujaza. Gari limetuondolea mzigo shingoni, na pamoja nao limetuondolea kipimo.

Ni nini basi kinachomsukuma mtu kufunga ziada? Naona sababu 3, na kila moja ina methali yake ya kujitetea.

Ya kwanza ni hofu. Mtu hujiambia kwamba akiba haiozi. Huenda mvua ikanyesha, basi achukue koti. Huenda pakawa na baridi, basi achukue sweta na blanketi. Huenda wenyeji wakapungukiwa, basi achukue sufuria. Lakini Mombasa ya Desemba ni joto linalomfanya mtu atamani kuivua hata ngozi. Akiba haiozi ikiwa ghalani. Ikiwa safarini, akiba huchosha, hupotea na huibwa.

Ya pili ni fahari. Wako wanaofunga nguo si kwa hesabu ya siku watakazokaa, bali kwa hesabu ya picha watakazopiga. Hawa sina mengi ya kuwaambia, ila bahari haijapata kumuuliza mtu kama vazi hili ndilo la jana.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo naiheshimu: ni ukarimu. Mkono mtupu haulambwi, na mtu wa Tala hawezi kwenda kwa ndugu yake aliyeko Changamwe au Ukunda bila muthokoi, bila pojo, bila mbaazi. Hiyo si ziada. Hiyo ni lugha ya undugu, na mwenyeji anayepika pojo zilizotoka kwao hula zaidi ya chakula. Hata hivyo ukarimu nao una akili yake. Kilo 3 za pojo husema yote ambayo gunia lingesema. Ama kuhusu maembe, Pwani ina maembe tangu enzi za mababu. Kuyabeba kutoka Machakos hadi huko ni kama kupeleka maji baharini.

Sasa tumtazame mbebaji. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayefua, anayepiga pasi, anayekunja na anayepanga. Ndiye anayekumbuka dawa ya mtoto na sabuni ya baba. Baba huja mwishoni, huinua sanduku kwa mkono mmoja, hulalamikia uzito wake, kisha huongeza viatu vyake jozi ya pili. Safari inapoanza, mama huyo amebeba mtoto mgongoni, begi begani na kapu mkononi. Inaitwa likizo ya familia, ila mmoja wa familia hiyo hajapumzika hata kidogo. Watoto nao wasiweza kunyoosha miguu, kwa kuwa mahali pa miguu yao pana gunia.

Mbebaji mwingine ni abiria asiyehusika. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na methali hii haina mahali inapothibitika kama ndani ya matatu ya abiria 14. Buti ikijaa, utingo husukuma mabegi kwenye kijia cha katikati, mengine yakaegemezwa mlangoni. Mwenye mali ameketi kiti cha mbele na roho yake imetulia. Aliyeko nyuma, magoti kifuani, ndiye atakayelazimika kuyaruka mabegi hayo gari likipinduka au likishika moto. Sheria zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, zilizopewa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilitufunga mikanda na kuyatia magari vidhibiti mwendo. Mkanda humsaidia abiria asirushwe nje ya kiti chake. Haumfungulii njia iliyozibwa na sanduku la jirani.

Na tukigeukia majini, Afrika Mashariki imeshatozwa gharama kubwa mno kwa ajili ya neno hili "ziada". Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka mjini Mombasa kikiwa kimepakia watu kupita kiasi, na watu 272 wakaangamia. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kuchukua watu 100, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na watu na mizigo kupita uwezo wake; zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Sisemi kwamba sanduku la mtu wa likizo ndilo lililovizamisha vyombo hivyo. Waliokuwamo wengi walikuwa wafanyakazi, wachuuzi na wanafunzi, na lawama ya kwanza ni ya waliopewa dhamana ya kuhesabu. Ninalosema ni kwamba ajali za namna hiyo hujengwa kwa fikira ile ile inayoijaza matatu ya Tala: kila mmoja huamini kwamba kidogo chake hakina uzito. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa humwagika.

Basi msafiri afanye nini? Usiku mmoja kabla ya safari, na aitandaze kila kitu kitandani na kukigawa katika mafungu 3. Fungu la kwanza ni la vitu atakavyovitumia kila siku. La pili ni la vitu ambavyo akivikosa atataabika: dawa, miwani, kitambulisho kile kile alichokatia tiketi, kadi ya kliniki ya mtoto, chaja ya simu. Fungu la tatu ni la vitu vinavyoanza na neno "huenda". Hilo la tatu lirudi kabatini. La pili liingie katika mkoba mdogo usioachana na mwili wake, kwani sanduku kubwa likipotea atapoteza nguo, lakini mkoba huo ukipotea amepoteza safari.

Aidha, na achukue leso. Sijui kifaa kingine kinachofanya kazi nyingi kama leso na kikawa na uzito mdogo namna hiyo. Ni taulo, ni shuka, ni mbeleko, ni kitandiko cha ufukweni, ni vazi la kujistiri mtu anapopita mitaa ya Mji wa Kale, ambako wenyeji hawapendezwi na mgeni anayetembea kama aliyetoka majini. Leso 2 zinaweza kuondoa nusu ya sanduku.

Tena na akumbuke kwamba safari ina kurudi. Mtu asiyeacha nafasi atarudi na nini kutoka Pwani? Kuna mabuyu, kuna tende, kuna kashata, kuna mkeka ambao bibi ameuagiza. Mfuko wa plastiki hautamwokoa, kwani tangu Agosti 28, 2017 mifuko hiyo ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, na kuanzia Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, hazikubaliwi katika fuo na mbuga zilizohifadhiwa. Kwa hiyo na akunje kiondo kimoja kitupu chini ya nguo. Kiondo ni kazi ya mikono ya akina mama wa huku kwetu. Kikiwa kitupu hakilemei, na kikijaa hakipasuki.

Wajibu huu si wa msafiri peke yake. Vyama vya wenye matatu vinavyohudumia barabara ya Kangundo vinapaswa kubandika stendini kiwango cha mzigo unaoruhusiwa na nauli ya unaozidi, ili bei isiwe ile anayoibuni utingo baada ya kumtazama mama usoni. Kijia cha katikati na mlango viwe wazi daima, wala pasiwe na mapatano juu ya hilo. Maafisa wa trafiki, ambao hawakosi kuliona gari lililozidisha abiria mmoja, wajifunze pia kuiona njia iliyozibwa na magunia.

Lakini sheria yoyote itafika stendini baada ya mzigo kufungwa, na mzigo hufungwa nyumbani. Hivyo naipendekeza kanuni moja kwa kila familia ya Tala inayojiandaa kwa likizo: kabla ya kutoka, kila mtu, baba akiwa wa kwanza, auchukue mzigo wake mwenyewe na kuuzungusha ua mara 6 bila kusaidiwa. Anachoshindwa kukizungusha kibaki. Mtoto wa miaka 7 atabeba nguo zake katika mkoba wake wa shule, na ataona fahari kubwa. Mama atatoka langoni akiwa na mikono miwili huru, na huenda ikawa hiyo ndiyo siku ya kwanza ya likizo yake.