Ukiuza taa za projekta, uza pamoja na kufunga

Leo nasema na wenzangu tunaouza vifaa vya magari mtandaoni, hasa taa. Ila hata kama unauza mashine za juisi au vitasa vya milango, soma tu, maana ziko bidhaa nyingi za aina hii: unamkabidhi mteja boksi wakati kazi yenyewe bado haijaanza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga aanze mapema. Mtu mwenye gari la zamani akitaka taa za projekta, usimuuzie lenzi mbili kwenye boksi ukazipakia kwenye basi la mkoani na kumtakia heri. Muuzie taa iliyofunguliwa, ikafungwa projekta, ikazibwa vizuri, ikapimwa ukutani. Kama huna fundi wa kufanya hivyo, bidhaa hiyo achana nayo. Najua kuna watakaosema nafukuza wateja. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Nilianza na balbu za LED. Pea nilikuwa naichukua Kariakoo kwa 18,000, nauza 35,000, na zilikuwa zinatoka kweli kweli. Picha nilikuwa napiga usiku, taa zinamulika kamera moja kwa moja, picha yote nyeupe, halafu naandika "mwanga kama mchana". Hiyo picha ilikuwa inaniuzia kuliko maelezo yoyote.

Mteja mmoja wa Morogoro akachukua pea ya H4 kwa ajili ya Corolla yake ya zamani. H4 ni ile balbu ya miguu mitatu, ndani ina nyuzi mbili, mmoja wa dimu na mwingine wa ful. Wiki ya pili akanipigia. Hakuja kwa ugomvi, alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka tu. "Dada, balbu zinawaka vizuri. Ila kila gari ninalokutana nalo linaniwashia ful. Jana kijana wa bodaboda nimempofusha, kaingia mtaroni na pikipiki yake. Tumshukuru Mungu kainuka mzima. Balbu nimezitoa, nimerudisha za zamani. Hela yako kaa nayo tu."

Bora angenitukana. Hilo la "kaa nayo" nilitembea nalo wiki nzima.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee pale Gerezani anayefungua taa za magari. Kwenye gereji kulikuwa na gari lenye balbu kama zangu. Akasubiri giza liingie, akanipeleka ng'ambo ya barabara, akaliwasha kwenye dimu likanitazama. Akapiga kelele kutoka kule, "Binti, unaona nini?" Nikamwambia sioni kitu. Kweli, nilikuwa sioni hata miguu yangu.

Alivyonielewesha ni hivi. Ndani ya taa ya gari la zamani kuna kile kibati kinachong'aa. Kimefinyangwa kwa hesabu, kikifuata mahali uzi wa balbu ya kawaida unapokaa. Mwanga ukitokea pale, kibati kinaupeleka chini barabarani. Balbu ya LED haina uzi. Ina vipande viwili vilivyobandikwa ubavuni, na vingi vya bei ya chini havikai pale pale uzi ulipokuwa. Kwa hiyo mwanga ni mwingi kweli, ila unatawanyika: mwingine kwenye miti, mwingine kwenye macho ya anayekuja. Dereva mwenyewe anaona kumeng'aa mbele ya bampa, anafurahi, kumbe mbali haoni zaidi ya alivyokuwa akiona zamani.

Projekta imetengenezwa kwa njia nyingine. Nyuma kuna bakuli linalokusanya mwanga, mbele kuna lenzi nene kama jicho la samaki, katikati kuna kibati kidogo kama pazia. Lenzi inageuza picha juu chini, kwa hiyo pazia linalokata mwanga kwa chini ndilo linaloweka giza kwa juu. Ndiyo maana taa ya projekta ukiielekeza ukutani unaona mstari, chini mweupe, juu giza, kama ukuta uliopakwa rangi nusu. Ukiwasha ful, sumaku ndogo inavuta pazia linalala, mwanga wote unapita. Huo mstari ndio unaouza. Ukali wa mwanga ni jambo la pili.

Sasa njooni kwenye hasara yangu, ili ninyi isiwapate.

Baada ya somo la Gerezani nikaagiza China pea sita za projekta za LED zenye dimu na ful pamoja. Hela ya mtaji karibu yote. Zikafika, fundi akafunga pea ya kwanza, tukapima ukutani. Mstari ukaja vizuri, umenyooka kama rula, ila una ngazi, na ngazi imepanda upande wa kulia. Mzee akacheka, mimi nikadhani anafurahia kazi. Kumbe nimeletewa za nchi wanazoendesha kulia. Kile kipande kinachopanda kazi yake ni kumulika pembeni, kwa watembea kwa miguu na vibao. Kwetu pembeni ni kushoto. Mwanga ukipanda kulia unakwenda moja kwa moja usoni mwa anayekuja. Kwa hiyo nilikuwa na taa za laki kadhaa zinazofanya uovu ule ule wa balbu ya 35,000, tena kwa umaridadi zaidi.

Kwenye ukurasa wa muuzaji ilikuwa imeandikwa LHD, herufi tatu, mimi nikazipita. LHD ni usukani kushoto, RHD ni usukani kulia. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Malawi, Msumbiji, kote huku tunaendesha kushoto, unaagiza RHD. Muulize muuzaji kwa maandishi, mwambie akutumie picha ya ukutani kabla hujalipa. Mtu akikwambia "zote ni sawa tu", huyo hajui anachouza.

Kuna mwenzangu akanishauri nizitoe hivyo hivyo, mteja hatajua. Na kweli hatajua, kwa sababu aliye nyuma ya usukani haumii. Anayeumia ni wa mbele, na huyo hana namba yako. Mzee akanipa wazo ambalo nisingelifikiria: kuna wafanyabiashara wanapeleka vifaa Burundi na Congo, na kule, pamoja na Rwanda, wanaendesha kulia. Kuna magari kule yenye usukani kulia kama yetu kwa sababu yametoka Japani, lakini barabara ndiyo inayoamua, siyo usukani. Nikampata mmoja, nikamwachia pea zote sita kwa bei niliyonunulia. Faida sifuri, mtaji ukarudi. Usingizi pia.

Tangu hapo nabadilisha namna ya kuuza, na hapa ndipo wengi hatukubaliani.

Mteja akiniandikia "dada nataka projekta", simtajii bei. Namwomba picha ya taa zake mchana. Gari la zamani mara nyingi tatizo lake la kwanza ni plastiki ya mbele iliyogeuka njano kwa jua. Hiyo inasuguliwa na msasa wa maji, kuanzia mkavu kidogo hadi laini kabisa, halafu inapigwa vanishi ya kuzuia jua. (Dawa ya meno mnayoona kwenye video inang'arisha wiki chache, njano inarudi.) Tatizo la pili ni umeme. Nyaya zimechoka, swichi imechoka, balbu inayotakiwa kupata volti 13 na kitu inapata 12 au chini ya hapo. Balbu ya kawaida ikipungukiwa volti moja na nusu, mwanga unashuka karibu theluthi. Unafunga rilei mbili na waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, gari linaona upya. Kazi zote mbili nachukua 70,000, ninabaki na 25,000 au pungufu.

Ndiyo, hapo nimeua mauzo ya 380,000. Naelewa mnavyonishangaa. Lakini kuna watu watatu niliowafanyia hivyo, baadaye wakarudi wenyewe kuchukua projekta, na hawakuuliza punguzo. Wengine hawakurudi, sawa tu, hawakuwa na haja nazo.

Anayehitaji kweli, kama yule anayesafiri usiku kila wiki kwenda Iringa na anapita Kitonga, huyo nampa bei moja: projekta, kufungua taa, kufunga, kuziba, kupima, 380,000. Mzigo unanigharimu 140,000 mpaka unafika, fundi 120,000, gundi na nyaya 20,000. Nabaki na laki moja. Balbu za kupata laki moja ni pea sita, na katika pea sita nilikuwa sikosi wawili wanaorudi na malalamiko.

Kwa nini simpi mteja boksi akatafute fundi wake? Kwa sababu kazi yenyewe ina mitego. Taa lazima ipashwe joto, kama nyuzi 100 hivi, gundi ilegee ndipo kioo kitoke. Fundi asiye na subira anachokonoa na bisibisi, anapasua. Wakati wa kurudisha inatakiwa gundi nyeusi ile ya utepe, inayolainika tena kwa joto. Akitumia silikoni ya mabomba, siku taa ikitakiwa kufunguliwa tena, imekwisha. Akiacha upenyo, mvua ya kwanza taa inakuwa chupa ya maji. Projekta ya LED ina feni nyuma, akiziba na mpira bila nafasi, inaungua. Lolote kati ya hayo likitokea, mteja haandiki kwamba fundi wake kaharibu. Anaandika jina la ukurasa wako.

Na hata ikifungwa vizuri, ikiachwa bila kupimwa ni bure. Sisi tunaweka gari mahali pa usawa, mita 10 kutoka ukutani, tairi zina upepo sawa, dereva kakaa ndani. Tunaweka alama ya urefu wa katikati ya lenzi kutoka chini, mstari wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 10 chini ya alama hiyo. Dakika ishirini. Wenye Noah za kubeba mizigo nawaambia wapime wakiwa na mzigo wao wa kawaida, maana nyuma ikilala taa zinatazama mbinguni.

Halafu hii ya Kelvini. Kila siku: "Dada una 8000? Nataka yenye nguvu." Ile namba ni rangi, siyo nguvu. Balbu ya kawaida ni kama 3200, njano. Zenoni za kiwandani ni 4300, nyeupe ya maziwa. 8000 ni bluu, inapendeza kwenye picha, na kwenye lami yenye maji huoni kitu. Nilikuwa nauza 8000 kwa sababu zinaulizwa sana. Nimeacha. Kuna wanaoondoka kwenda kununua kwingine, na sina cha kuwafanya.

Picha zangu nazo zimebadilika. Siweki tena taa inayomulika kamera. Naweka picha mbili za ukutani, kabla na baada, gari likiwa pale pale na simu imefungwa mwanga ule ule, maana ukiiachia simu ijipimie yenyewe, hata kibatari kitaonekana kama uwanja wa mpira. Komenti zimepungua, nakiri. Wanaouliza sasa wanauliza mambo ya maana, wengi ni madereva wa usiku, na anayefika gereji kwa kawaida anafunga.

Mnaosema "mimi ni muuzaji tu, mteja ndiye anayejua", nimewasikia. Kwenye kava la simu naweza kukubaliana nanyi. Kwenye taa siwezi, mpaka siku utakaposimama ng'ambo ya barabara usiku ukamulikwa na mzigo wako mwenyewe. Jaribu, haigharimu kitu.

Changamoto yangu kubwa kwa sasa ni mikoani. Wateja wa Mwanza na Mbeya naagana nao kwa sababu sina fundi wa kumwamini kule, na gari haliwezi kuja Dar kwa ajili ya taa tu. Nafikiria mteja afungue taa zake azitume kwa basi, tufunge huku tuzirudishe, ila gari linakaa bila taa siku tatu na kupima bado kunabaki kwake. Mwenye fundi anayetumia gundi ya utepe, siyo silikoni, kwenye mikoa hiyo miwili, aniandikie. Atume na picha ya ukutani ya kazi aliyofanya.