Na Wewe Mama, Shika Usukani

Safu hii imezoea kuongea na akina mama wenye watoto wadogo. Mwezi huu nataka tuwageukie wale waliokwisha kulea. Watoto wameondoka, mzee ameagwa kazini na kupewa mabati yake na mifuko ya saruji, na nyumbani wamebaki wawili kama walivyoanza.

Ili jambo lenyewe lieleweke, nitakupeleka mbali kidogo, pwani ya mashariki ya Marekani. Huko wako wastaafu, mume na mke, ambao wakiacha kazi huuza nyumba au huipangisha, wakanunua boti yenye chumba cha kulala, jiko na choo, wakahamia humo. Hawavui samaki wa kuuza wala hawabebi mizigo. Wao husafiri polepole kandokando ya pwani: majira ya baridi yakikaribia huelekea kusini, joto likirudi hupanda kaskazini.

Utasema, hayo ni mambo ya wenye fedha, yananihusu nini mimi? Subiri kidogo, mama. Tulia nami mpaka mwisho, nawe utaona jinsi yanavyokuhusu.

NJIA WANAYOPITA

Njia wanayoipenda inaitwa Intracoastal Waterway. Ni mfululizo wa mito, ghuba na mifereji iliyochimbwa, unaopita nyuma ya visiwa vya mchanga ili vyombo vidogo visipambane na mawimbi makubwa ya Bahari ya Atlantiki. Hesabu ya maili huanzia sifuri mjini Norfolk, jimbo la Virginia. Kutoka hapo njia hushuka kupitia North Carolina, South Carolina na Georgia mpaka Florida, na maili ya 1,243 iko Key West. Ni kama kilomita 2,000.

Boti nyingi za wastaafu hao hutumia injini ya dizeli na hutembea kilomita 13 hivi kwa saa, mwendo wa mtu aendaye na baiskeli. Huondoka asubuhi, na jioni hutia nanga kwenye kijito kilichotulia. Kutia nanga ni bure. Kufunga boti bandarini hulipiwa kwa urefu wa boti. Njiani kuna madaraja ya kufunguka, na nahodha humwita mlinzi wa daraja kwa redio amfungulie. Kuna alama nyekundu na za kijani za kuonyesha njia, na anayekwenda kusini huziacha nyekundu upande wake wa kulia.

Kati ya Virginia na North Carolina upo mfereji wa Dismal Swamp, ulioanza kuchimbwa mwaka 1793 kwa mikono ya watumwa Waafrika, ukafunguliwa mwaka 1805. Mbele zaidi ni pwani ya Wagullah, wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima mpunga, na mpaka leo wanasuka vikapu kama walivyosuka mababu zao. Kwa hiyo pwani hiyo si ngeni kwetu kama tunavyodhani.

Msidhani ni safari ya starehe tupu. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika 30 Novemba, na makampuni mengi ya bima huweka masharti ya mahali boti iwepo miezi hiyo. Huko Georgia maji hujaa na kupwa zaidi ya meta mbili, na mchanga huhama. Anayepita pasipostahili hupwelewa, akakaa hapo na boti yake imelala upande mpaka maji yajae tena.

MAHALI PADOGO

Boti ya urefu wa meta 12 huwa na upana wa kama meta nne. Humo ndimo jiko, kitanda, meza, injini na watu wawili. Maji ya kunywa, kupikia na kuoga yako kwenye tangi moja. Tangi la choo lina siku yake ya kwenda kunyonywa. Umeme ni wa betri, na betri huchajiwa na injini au jua. Mmoja akiacha bomba wazi, wote wawili hukaa bila maji.

Sasa fikiri juu ya mume aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa miaka thelathini. Ghafla yupo mchana kutwa. Katika boti hana kijiwe cha kwenda kuongea siasa, na mke hana jirani wa kumkimbilia akichoka. Hata hapa kwetu, akina mama wengi wananiambia kwamba mwaka wa kwanza wa kustaafu kwa baba ulikuwa mgumu kuliko mwaka wa kwanza wa ndoa. Anafunua sufuria, anauliza chumvi imekwishaje, anahamisha vitu vilivyowekwa mahali pake miaka yote.

Wenzetu wa botini wanasema ugomvi mkubwa hutokea wakati wa kufunga boti bandarini. Upepo unasukuma, mkondo unavuta, injini inanguruma, na mume aliyeshika usukani anampigia kelele mke aliyesimama mbele na kamba, huku watu wa boti nyingine wakitazama. Baadhi yao walinunua vifaa vya masikioni vyenye kipaza sauti, ili waongee kwa sauti ya kawaida kutoka mwisho mmoja wa boti hadi mwingine. Kwa mzaha huviita viokoa ndoa.

Sisi tunalo fundisho la namna hiyo tangu zamani. Yakobo 3:4 anatufundisha juu ya merikebu kubwa zinazogeuzwa na usukani mdogo, naye anazungumzia ulimi. Mama, baba akistaafu, mpangieni pamoja kazi zake na kona yake, na msemezane kwa upole. Hilo ni la kwanza. Lakini lipo kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike leo.

AKIANGUKA MAJINI

Katika boti nyingi kazi hugawanyika hivi: mume ni nahodha, anajua injini, ramani na redio, mke anapika, anafunga kamba, anasafisha. Mambo huenda vizuri miaka na miaka.

Siku moja mume, mtu wa miaka 68, anakwenda ukingoni kukaza kamba. Anateleza, au moyo unamshika, anaanguka majini. Boti haisimami. Kwa mwendo ule wa baiskeli, baada ya dakika moja tu itakuwa imemwacha zaidi ya meta 200, na kichwa cha mtu majini kwa umbali huo ni kama nazi inayoelea. Mke yuko peke yake. Hajui injini inaondolewaje kwenye gia. Hajawahi kugeuza boti. Redio anaiona kila siku lakini hajui abonyeze wapi. Hapo mapenzi ya miaka arobaini hayawezi kumrudisha mume botini.

Kwa sababu hiyo mabaharia wenye busara huwafundisha wake zao mambo machache kabla ya kung'oa nanga: kumtupia aliyeanguka boya mara moja, kutomwondolea macho na kumwonyeshea kidole ili asipotee, kubonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali alipoangukia kwenye chombo cha ramani, kugeuza boti na kumkaribia polepole, kisha kuondoa gia ili pangaboi lisimkate, na kuita msaada kwa redio, chaneli ya 16, kwa kusema Mayday mara tatu, jina la boti, mahali ilipo na kilichotokea. Walinzi wa pwani husikiliza chaneli hiyo usiku na mchana.

Kuyasikia hayakutoshi, bali yafanywe mara kwa mara. Hutupa mto au boya majini, na mke peke yake akalirudie. Wengine hubadilishana kazi kabisa: mke hushika usukani wakati wa kufunga boti, na mume mwenye misuli hushughulika na kamba nzito. Kugeuza usukani hakuhitaji nguvu, kunahitaji mazoezi.

Na mume naye hujifunza. Anapaswa kujua dawa za mkewe ziko wapi na anameza ngapi, na aweze kupika chakula mkewe akiugua siku tatu mbali na mji.

JE, SI MANAHODHA WAWILI?

Najua yuko dada atakayeniuliza: kwani wahenga hawakusema manahodha wengi chombo huenda mrama? Na Maandiko hayakumweka mume kuwa kichwa?

Wahenga walisema kweli. Wawili wakishika usukani kwa pamoja, mmoja akivuta kulia na mwenzake kushoto, chombo kitagonga mwamba. Lakini hakuna mhenga aliyesema nahodha awe peke yake anayejua njia. Tangu zamani majahazi yetu yana nahodha na mabaharia, na nahodha akiugua yuko anayeweza kukifikisha chombo Pangani au Unguja. Kujua kazi hakumvunjii nahodha heshima.

Soma Mithali 31. Yule mke mwema amefananishwa na merikebu za biashara (mstari wa 14). Ameangalia shamba na kulinunua (mstari wa 16), na moyo wa mumewe unamwamini (mstari wa 11). Mume huyo hakuficha mambo yake kwa mkewe, wala hakudharauliwa kwa hilo, kwa maana aliheshimiwa langoni pamoja na wazee.

BOTI YETU YA NCHI KAVU

Sasa turudi nyumbani. Hapa Tanzania mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima wengi hustaafu wakiwa na miaka 60. Mafao yakitoka, nani anajua yalikuwa kiasi gani na yamewekwa wapi? Katika nyumba nyingi anajua baba peke yake.

Kisha usiku mmoja baba anapata kiharusi. Hawezi kusema. Mama hajui namba ya siri ya simu yenye fedha, hajui ni benki gani, hajui hati ya kiwanja iko kabatini au kwa rafiki aliyemkopesha. Au baba amefariki, na kabla matanga hayajaanuliwa wamekuja watu wawili wanaodai, na mwingine mwenye karatasi ya kuonyesha kwamba shamba aliuziwa. Mama wa watu yuko katikati ya maji, chombo kinakwenda, na hajui kukisimamisha. Wajane wangapi tumewaona kanisani mwetu wakihangaika hivi?

Mama, usingoje siku hiyo. Wala usimwendee mwenzio kama mpelelezi. Chagua jioni tulivu, baada ya chakula, umwambie: "Baba nanii, sitaki kukunyang'anya usukani. Nataka siku ukiugua niweze kutufikisha bandarini." Kisha fanyeni haya pamoja:

1. Andikeni kwenye daftari moja akaunti zote, viwanja, mifugo, madeni mnayodai na mnayodaiwa, na mfuko wa pensheni pamoja na namba ya uanachama. Daftari likae mahali mnapopajua wawili.

2. Kusanyeni hati za nyumba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho. Hakikisheni majina yanafanana, kwa maana herufi moja ikikosewa husumbua sana siku ya kudai haki.

3. Angalieni majina ya wategemezi kwenye mfuko wa pensheni. Wengi walijaza fomu walipoajiriwa na hawajairudia tena.

4. Andikeni wosia. Wakili atawasaidia, na RITA hupokea wosia na kuuhifadhi.

5. Usitie sahihi usichokisoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sahihi yako ina uzito, basi ujue unaridhia nini.

6. Badilishaneni kazi mwezi mmoja. Mama aende benki na alipie kodi ya jengo. Baba aende sokoni, apike, na ajue dawa zako za presha.

Na kama baba atakataa? Usigombane naye. Anza kwa kumwonyesha ya kwako: vikoba, akiba, deni la duka. Anayefunuliwa huona haya kuficha. Akizidi kukataa, mwombeni mzee wa kanisa anayeheshimika azungumze naye kiume. Na wewe usiache kumwombea.

Wastaafu wale wa botini nao hufika mwisho wa safari. Mikono hulegea, macho hufifia, au mmoja huitwa na Bwana. Aliyebaki, kama alijifunza, huweza kuifikisha boti bandarini, kuifunga, na kuiuza kwa bei ya haki, kisha akarudi kwa watoto wake na machozi yake lakini si mikono mitupu. Hayo ndiyo ninayokuombea wewe na mwenzio: miaka mingi ya kusafiri pamoja, na siku mmoja akitangulia, atakayebaki aijue njia.

Mungu awabariki. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.