Amri ya korti si ombi

Mzazi anayezima simu Ijumaa jioni, au anayemsafirisha mtoto hadi kwa bibi yake Kwale siku ile ile aliyopangiwa kwenda kwa babake, anaidharau mahakama. Visingizio tumevizoea kuanzia Mtongwe hadi Bamburi na Magongo: mtoto ana homa, ana tuisheni, mwenyewe hataki kwenda. Ajabu ni kwamba homa hiyo hupanda wikendi za zamu ya mwenzake tu. Wengine husingizia nauli ya kuvuka Likoni, ilhali feri haimtozi senti mtu anayevuka kwa miguu.

Wapo akina mama wafanyao hivi, na wapo akina baba. Wote wanasahau kwamba haki wanayoikalia ni ya mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa mama na baba jukumu sawa la malezi, wawe walioana au la. Tangu 1990 Kenya imefungwa pia na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, unaompa mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa kama kuonana huko kunamdhuru.

Kisingizio kikubwa ni masurufu. "Hajatoa pesa, hamuoni mtoto." Hapana. Mtoto hawekwi rehani. Asiyelipwa masurufu arudi kortini ayadai huko. Vivyo hivyo baba aliyenyimwa mtoto akakata pesa ya chakula amevunja amri nyingine, na anayemvizia mtoto langoni mwa shule ili akimbie naye anampa mwenzake hoja mbele ya hakimu.

Hofu ya kweli ipo. Kama mtoto hurudi na alama za kipigo, mzazi aende upesi mahakama ile ile aombe amri ibadilishwe, au ziara zifanyike mbele ya afisa wa watoto. Asilolipata ni ruhusa ya kuibatilisha hukumu mwenyewe jikoni kwake. Chifu au mzee wa mtaa naye hana uwezo huo, hata akiombwa kwa heshima na pande zote mbili.

Lakini lawama nyingine iko kwa mahakimu wetu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, kifungu cha 10, inahesabu ukaidi wa makusudi kuwa ni kudharau mahakama. Ili mtu apatikane na hatia, lazima amri iwe wazi, yeye awe aliijua, na aliivunja kusudi. Sasa amri ikisema tu kwamba baba atamwona mtoto "kwa nyakati zinazofaa", nani atathibitisha kuwa imevunjwa? Saa nne asubuhi yafaa kwa huyu, kwa yule haifai. Maneno hayo mepesi ndiyo pango la mkaidi. Amri iandikwe siku, saa, mahali pa kumkabidhi mtoto, nani anamleta na nani anamrudisha, likizo zigawanywe vipi, na Idi au Krismasi aile wapi. Na ombi la kulalamikia ukaidi lisikae foleni kwa miezi, kwani mtoto wa miaka mitatu huisahau sura ya mtu upesi.

Aliyenyimwa naye afanye kazi yake. Ahakikishe mwenzake amekabidhiwa nakala ya amri, afike mahali alipopangiwa kwa wakati, ahifadhi ujumbe wa simu, kisha apeleke ombi lake pamoja na hati ya kiapo. Asiyemudu wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016.

Kwa hakimu tunasema hivi: mzazi atakayethibitika kuwa alikaidi kusudi, atozwe faini. Akirudia, ulezi wenyewe uangaliwe upya.