Rukhsa na Mpaka Wake

Ndugu Waislamu, msafiri hupunguza Swala. Akirejea nyumbani kwake Endagikot, rukhsa imekwisha. Vinu vya nyuklia navyo vina rukhsa yao. Nchini Marekani, jenereta moja ya dharura ikiharibika, kanuni ya kawaida imekuwa kukiacha kinu kiendelee kwa saa 72 huku ikitengenezwa. Zikipita bila kufaulu, kinu huzimwa. Sisi hatuna kinu, ila tunazo mashine za eksirei, zinazosimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Wingi wa wagonjwa usihalalishe kutumia mashine iliyotoka matengenezoni kabla haijapimwa, kwani mionzi haionekani. Dharura hupimwa kwa kiasi chake. Tumpelekapo mtoto, tuulize kwa adabu: imepimwa? Mtoto ni amana.