Usawa si Ufanano

Wako wahakiki wanaodai kwamba shujaa anayesimama peke yake dhidi ya jamii ni mgeni katika fasihi yetu, na kwamba kumsifu ni kusifu ubinafsi. Dai hilo halina mashiko. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert alimsimamisha Karama mbele ya baraza, ameshitakiwa kwa kufundisha uanasheria. Karama hakutafuta kuwa juu ya wenzake. Alitaka kila raia asikilizwe. Naye Euphrase Kezilahabi, katika Gamba la Nyoka (1979), alituonyesha wanakijiji wakihamishwa kwa nguvu kwa jina la ujamaa. Je, aliyekataa kuhama alikuwa adui wa usawa?

Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro tulipaswa kulijua jibu mapema. Maji ya mfongo hugawanywa kwa zamu, wala hapana mwenye haki ya kupora zamu ya jirani. Huo ndio usawa. Lakini kila kihamba kina migomba na mibuni yake, na mwenyewe ndiye aamuaye apande wapi. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU, iliyoasisiwa mwaka 1933, haikusalimika. Wakulima walipata usawa gani hapo, ila wa kunyamazishwa sawasawa?

Malenga wenzangu, jambo hili twalijua kwa kazi yetu. Mishororo ya ubeti huwa na mizani sawa. Lakini anayeandika mshororo mmoja mara nne hajatunga ubeti.